Wa Kwanza na wa Mwisho Katika Daftari la Hisa

Benki ya MUCOBA ilianzia Mafinga, wilayani Mufindi, kwa hisa za wananchi. Ilianza kutoa huduma mwaka 2000 ikiitwa Mufindi Community Bank, na mwaka 2016 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye dirisha la kukuza ujasiriamali ambalo madalali huliita EGM. Hapo daftari moja la wanahisa likawa na watu wa aina mbili. Yumo aliyetoa fedha wakati benki bado ni maneno ya mkutanoni, na yumo aliyenunua hisa kwa dalali miaka mingi baadaye, akiwa na hesabu za kusoma na bei ya kuitazama. Kwa miaka kadhaa bei iliyoandikwa kwenye orodha ya soko ilisimama kwenye shilingi 400. Wengi waliiona namba hiyo wakadhani hisa yao haijapanda wala kushuka. Ukweli ni kwamba siku nyingi hakuna aliyeuza wala aliyenunua, na bei isiyofanyiwa biashara haisemi mengi.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya watu wa aina hizo mbili. Mbeya na Iringa zina kampuni nyingi ndogo zinazokua kwa michango ya namna hiyo: za kusindika maziwa, kukamua mafuta ya parachichi, kuzalisha mbegu za viazi, kupasua mbao, kuendesha shule. Nyingi hazitafika sokoni Dar es Salaam, lakini mvutano wao ni ule ule. Aliyetangulia anasema amesubiri vya kutosha. Aliyekuja juzi anasema kampuni ndiyo kwanza inachanganya. Ninaamini wote wawili wana haki, na kwamba kampuni inayowaacha waigundue tofauti yao siku ya mkutano mkuu imeshakosea kabla mwenyekiti hajafungua kikao.

Wakulima wa miti wa Mufindi na Kilolo wanaijua hesabu hii vizuri. Anayepanda paina hununua miche kwa bei ndogo na kubeba hatari zote: moto wa kiangazi, ukame, mifugo, mgogoro wa mpaka. Shamba likifika miaka mitano au sita huuzwa likiwa limesimama, mara nyingi kwa mtu wa mjini. Huyu analipa zaidi, na anachokilipia ni ile miaka aliyosubiri mwenzake na zile hatari zilizokwisha kupita. Sasa wape watu hao wawili shamba moja walimiliki kwa ubia. Mmoja atataka kuvuna miti ikiwa na miaka kumi kwa sababu mtoto anaingia chuo. Mwingine anajua kwamba ikiachwa mpaka miaka 18 au zaidi itatoa mbao pana za bei nzuri. Huwezi kumwita wa kwanza mvivu, wala wa pili mroho. Kila mmoja ana saa yake, na saa hizo zilianza kuhesabu siku tofauti.

Shilingi mia moja, hesabu mbili

Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba nyepesi. Watu kumi wa Tukuyu wanaanzisha kampuni ya maziwa. Kila mmoja anatoa shilingi milioni 2, jumla milioni 20, na wanagawana hisa 20,000 za shilingi 1,000 kila moja. Kwa miaka mitano hakuna anayepata kitu. Faida ndogo inayopatikana inanunua tangi la kupozea maziwa, inalipa deni la benki, inakarabati gari. Mwaka wa sita kampuni inahitaji milioni 30 za mashine ya kufungashia. Wanakuja watu watano kutoka Mbeya mjini na kukubali kununua hisa mpya 10,000 kwa shilingi 3,000 kila moja.

Wale kumi, waliokuwa na kampuni nzima, sasa wana theluthi mbili. Kwenye karatasi hisa yao imepanda mara tatu, lakini mfukoni hakuna kilichoingia, maana zile milioni 30 zimekwenda kwenye akaunti ya kampuni. Hapa wengi huchanganyikiwa. Mtu husikia "hisa imefika elfu tatu" akaanza kupanga kupaua nyumba. Ili aipate hiyo elfu tatu lazima atokee mtu wa kununua hisa yake yeye mwenyewe, na katika kampuni isiyo sokoni mtu huyo kwa kawaida ni mmoja wa wenzake kumi na wanne, au hayupo kabisa.

Mwaka unaofuata faida ni milioni 6. Wakurugenzi wanapendekeza nusu igawiwe, yaani milioni 3 kwa hisa 30,000, sawa na shilingi 100 kwa kila hisa. Kwa mwanahisa wa kwanza, mia juu ya elfu moja aliyoitoa ni asilimia 10, na ndiyo fedha ya kwanza kuishika tangu aanze. Kwa mwanahisa mpya, mia juu ya elfu tatu ni asilimia 3 na ushee. Angeziweka fedha zake kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS au hati fungani za serikali angepata zaidi bila usumbufu. Gawio siyo lililomleta. Alikuja akitumaini hisa ya elfu tatu siku moja itakuwa ya elfu tisa, na kila shilingi inayogawiwa anaiona imechomolewa kwenye mashine.

Matokeo yake ni kinyume cha watu wanavyosema vijiweni. Mgeni, ambaye hutuhumiwa kuwa na haraka, ndiye anayeomba kampuni isubiri zaidi. Mwanzilishi, aliyesubiri zaidi ya miaka mitano bila kitu, ndiye anayeonekana ana tamaa ya gawio. Anayeongoza mkutano bila kuielewa hesabu hii atawakosea wote wawili, kwa sababu atadhani anaamua ugomvi wa tabia, kumbe ni ugomvi wa bei ya kuingilia.

Kuna jambo lingine ndani ya mfano huo ambalo waanzilishi hulisahau mpaka linapowabana. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, maamuzi makubwa kama kubadili katiba ya kampuni yanahitaji robo tatu ya kura. Theluthi mbili haifiki robo tatu. Siku wale kumi walipouza hisa mpya 10,000 walipoteza uwezo wa kuibadili katiba peke yao, na wale watano wakapata uwezo wa kuzuia. Inaweza kuwa jambo jema, maana ni ulinzi wa wachache. Lakini lazima lijulikane kabla ya kusaini.

Mgeni naye ana swali lake: hiyo elfu tatu imetoka wapi? Faida ya milioni 6 kwa hisa 30,000 ni shilingi 200 kwa hisa. Anayelipa 3,000 analipa faida ya miaka 15, kama faida itabaki hapo hapo. Anaweza kuwa na sababu nzuri ya kulipa hivyo, kwa mfano mashine mpya itaongeza uzalishaji maradufu na tayari kuna makubaliano na mnunuzi wa maziwa. Aione sababu hiyo kwenye maandishi. Maneno ya rafiki yake aliyetangulia kuingia hayatoshi.

Mkulima mwenye kofia mbili

Nyanda za Juu Kusini zina aina ya mwanahisa ambayo vitabu vingi vya uwekezaji haviizungumzii: mkulima ambaye ni mwenye kampuni na wakati huo huo ni muuzaji wa malighafi kwa kampuni hiyo. Wakulima wadogo wa chai wa Rungwe, kupitia chama chao, waliingia kuwa wamiliki wa sehemu ya Wakulima Tea Company, yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Sehemu kubwa ya kampuni hiyo ilikuwa ya kampuni ya chai ya Tatepa, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma na kuorodheshwa Dar es Salaam mwaka 1999.

Fikiria maslahi yaliyokutana pale. Mkulima wa Rungwe hulipwa kwa kilo ya majani mabichi aliyopeleka kituoni. Bei ya kilo ikipanda kwa shilingi chache anaiona mwezi ule ule. Gawio la hisa, likiwepo, huja baada ya mwaka kufungwa, hesabu kukaguliwa na mkutano kupitisha. Mwanahisa wa Dar es Salaam aliyenunua Tatepa kwa dalali hana hata kichaka kimoja cha chai. Kwake bei ya majani mabichi ni gharama, na kila inavyopanda faida inapungua. Wote wanataka kampuni istawi, lakini mmoja anakula kwenye mlango wa kuingilia na mwingine kwenye mlango wa kutokea.

Kwa maoni yangu, mkulima aliye kwenye nafasi hiyo asikubali kuambiwa avumilie bei ndogo ya zao "kwa sababu na wewe ni mwenye kampuni". Akiwa na asilimia 25 au 30 kwa pamoja na maelfu ya wenzake, shilingi inayobaki kiwandani badala ya kulipwa kwenye majani hurudi kwake ikiwa senti chache, nyingine zikienda kwa mwenye hisa nyingi. Bei ya zao ijadiliwe kwa haki yake kama bei ya zao, na gawio lijadiliwe kama gawio.

Historia ya bei ya Tatepa ni somo pia. Hisa ziliuzwa mwanzoni kwa shilingi 330. Kuna miaka zilikuwa kwenye shilingi 650. Baadaye zikashuka mpaka 120 na kukaa hapo kwa muda mrefu. Aliyeingia wa kwanza na kushikilia mpaka mwisho alipoteza. Aliyeingia wa kwanza na kuuza katikati alipata karibu mara mbili. Aliyeingia katikati aliumia kuliko wote. Kuwahi peke yake hakukumlinda mtu.

Linganisha na CRDB, ambayo si kampuni ndogo lakini wanahisa wake wapo wengi Mwanjelwa ya Mbeya na Mlandege ya Iringa. Iliuza hisa mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye bei ilikuwa imeanguka chini ya hapo, na kuna wakati ilishuka mpaka chini ya 100. Wengi waliuza kwa hasira. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 ilikuwa imevuka 600. Kilichotofautisha kusubiri kwa CRDB na kwingine kilikuwa kwenye vitabu: faida ya benki ilianza kupanda kabla bei haijafuata, na hesabu zake hutangazwa magazetini kila robo mwaka kwa yeyote anayetaka kusoma.

Uvumilivu wenye masharti

Njombe ilikuwa sehemu ya mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Huko nako wananchi walianzisha benki yao, Njombe Community Bank. Mwanzoni mwa Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni pamoja na benki nyingine nne ndogo, kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Wenye akiba walilindwa na Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati ule ilikuwa ikilipa mpaka shilingi 1,500,000 kwa mteja. Mwanahisa hana bima ya namna hiyo. Kampuni inapofungwa yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya wenye amana, wafanyakazi, kodi na wadai wengine, na kwa kawaida anapofikia dirishani hakuna kilichobaki.

Hapa ndipo wanahisa wa kwanza hujifungia mlango wenyewe. Kampuni inapohitaji mtaji zaidi, wengi wao hukataa kuongeza fedha kwa kuwa wamechoka, na pia hukataa kuingiza wageni kwa kuwa hawataki sehemu yao ipungue. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani. Sehemu ndogo ya kampuni hai ina thamani kuliko sehemu kubwa ya kampuni iliyofutiwa leseni. Kama huna fedha za kuongeza, piga kura ya kuwaruhusu wenye nazo waingie, ila dai bei ya haki na dai wanahisa waliopo wapewe nafasi ya kwanza kununua.

Uvumilivu wa mwanahisa, basi, ni mkopo wa muda anaoipa kampuni, na mkopo una masharti. La kwanza ni hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Kampuni isiyoitisha mkutano mkuu miaka miwili mfululizo na kuwaambia watu "tulieni, mambo mazuri yanakuja" haiombi uvumilivu, inaomba ukimya. La pili ni sera ya gawio iliyoandikwa. Si lazima iwe na ukarimu. Inaweza kusema kwamba kwa miaka minne hakuna gawio, na baada ya hapo theluthi moja ya faida itagawiwa. Mgeni ataisoma kabla ya kulipa, mwanzilishi atajua mwisho wa kusubiri kwake uko wapi, na mabishano ya kila mwaka yatapungua.

Sharti la tatu ndilo linalopuuzwa kuliko yote: njia ya kutoka. Watu wana misiba, ada, ugonjwa, uzee. Mwalimu mstaafu wa Kihesa aliyeweka milioni 2 akiwa na miaka 48 hawezi kuwekwa kwenye mizani moja na kijana aliyenunua mwaka jana. Wenye kampuni wakubaliane mapema kwamba, tuseme, mara moja kwa mwaka baada ya hesabu kupitishwa, anayetaka kuuza atatangaza, wenzake watapewa siku 30 za kununua kwa bei iliyopatikana kwa kanuni iliyoandikwa, na wakishindwa ataruhusiwa kutafuta mtu wa nje atakayekubaliwa na bodi. Kampuni binafsi kisheria huweka mipaka ya kuhamisha hisa na haiwezi kuwa na wanachama zaidi ya 50, mbali na wafanyakazi, kwa hiyo bila utaratibu kama huu mtu anaweza kujikuta amefungiwa ndani. Ukipita kwenye katiba ya kampuni, soma kifungu cha kuhamisha hisa kabla ya kingine chochote.

Kuingia sokoni kwenye dirisha la EGM ni njia nyingine ya kutoka, lakini isitarajiwe kupita kiasi. Maendeleo Bank, iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa humo mwezi Novemba 2013 baada ya kuuza hisa kwa shilingi 500, na nyingine zilizofuata, zimeonyesha kwamba biashara ya hisa ndogo huwa nyembamba. Unaweza kuweka oda ya kuuza na kukaa wiki nyingi bila mnunuzi. Faida zake zipo: hesabu hutangazwa, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inasimamia, unaweza kufuatilia hisa zako kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, na kodi ya zuio kwenye gawio ni asilimia 5 badala ya 10 inayokatwa kwa kampuni zisizo sokoni. Ila usiweke huko fedha utakazozihitaji msimu ujao wa pembejeo.

Kwa anayetaka kuingia leo kwenye kampuni ndogo ya Mbeya au Iringa, kazi huanzia kwa msajili wa kampuni, BRELA. Omba kuona taarifa za kampuni zilizowasilishwa huko: wakurugenzi ni nani, hisa ngapi zimetolewa, marejesho ya mwaka yamepelekwa au la. Kisha uliza waanzilishi walilipa bei gani na lini, na kama kuna hisa zilizotolewa bure kwa mtu yeyote. Si siri, na kuuliza si utovu wa adabu. Ukikuta mtu anauza hisa za kampuni binafsi kwa vipeperushi na makundi ya simu, kwa umma wote, bila kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ondoka, hata kama anayekualika ni ndugu yako wa damu au mnasali pamoja.

Kwa wale wa zamani kuna jambo la nyumbani. Hisa nyingi za miaka ile zilinunuliwa na wazee ambao sasa wametangulia, na hati zimebaki sandukuni au hazijulikani zilipo. Familia haitapata gawio wala kupiga kura mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama na jina libadilishwe kwenye daftari. Kama mzee yupo, muulize leo ana hisa wapi. Kama hati imepotea, iandikie kampuni au, kwa kampuni iliyo sokoni, nenda kwa dalali aliyeidhinishwa. Hakikisha pia namba ya akaunti na ya simu ni za sasa, kwa sababu gawio lililotumwa kwenye akaunti iliyofungwa hurudi kwenye kampuni na kumsubiri mwenyewe.

Na ikitokea bodi imekaa kimya, usiishie kulalamika. Sheria inawapa wanahisa wenye angalau sehemu ya kumi ya mtaji uliolipwa wenye haki ya kura uwezo wa kuidai bodi iitishe mkutano, na mwanahisa anayeonewa ana haki ya kwenda mahakamani. Katika mfano wetu wa Tukuyu, wawili tu kati ya wale kumi wana hisa 4,000 kati ya 30,000, yaani zaidi ya asilimia 13. Wanatosha. Kabla ya mkutano mkuu ujao wa kampuni yako, andika barua kwa katibu wa kampuni ukiomba hesabu zilizokaguliwa, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na uzisome kabla ya kuamua kama utaendelea kusubiri.